Binti wa Sindano na Mifupa ya Watu

Benchi letu limeegemea ukuta wa Sindano, fundi cherehani, mahali ambapo kivuli hufika saa tatu asubuhi na umbea hufika saa mbili. Wenye benchi ni wanne: Sindano mwenyewe, anayeshona huku akibishana nasi kupitia dirishani, Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna, Profesa, aliyeacha shule darasa la sita akidai walimu wamebaki nyuma, na mimi, fundi redio. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye humimina na kunyamaza. Jumamosi hiyo Sindano hakushona. Alitoka nje na simu mkononi, uso umemshuka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

— Kuna nini? akauliza Breki.

— Binti yangu wa chuo kikuu. Kaniandikia kachukua somo jipya: magonjwa na majeraha kwenye mifupa ya watu wa kale.

— Wa kale kiasi gani?

— Miaka elfu.

— Basi hao hawaponi.

Profesa akakohoa, dalili kwamba methali inakuja.

— Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa kifo kilishawaumbua zamani. Sasa daktari wa nini?

— Ndicho ninachouliza! akasema Sindano. Nimeshona sare za shule nzima mpaka vidole vimeota sugu, mtoto awe muuguzi. Awatibu watu wenye pumzi!

— Hamjui kitu nyie, akasema Breki. Hiyo ni habari ya ardhi. Wakipata fuvu linalofanana na lako, shamba ni lako.

— Uongo mtupu, akasema Profesa. Wanachukua ugonjwa wa zamani, wanauamsha, halafu wanatuuzia dawa yake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Unaamshwaje huo ugonjwa?

— Kwa maji moto.

Kijiweni ukikaa kimya umekiri ujinga, basi na mimi nikachangia. Nikasema mfupa una mawimbi yake. Ukiunganishwa waya vizuri, unasikia sauti ya mwenyewe. Breki akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tena.

— Na atakayemuoa je? akasema. Mume analalamika mgongo, mke anamjibu: ngoja kwanza ufe, nitazame vizuri!

Hata Sindano alicheka, kisha akakumbuka kwamba binti ni wake.

— Anakuja leo. Namwambia aliache hilo somo. Akikataa, cherehani ya pili ipo.

Haikupita nusu saa, binti akafika na begi mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia wote, utadhani hatukuwa tukimwozesha.

Sindano akaanza moja kwa moja.

— Mwanangu, hao wafu wanakuambia nini ambacho wazima hawasemi?

— Mengi, baba. Wiki hii nimepewa mifupa ya msichana, umri kama wangu. Mkono wa kushoto umevunjika hapa.

Akagusa mkono wake katikati ya kiwiko na kiganja, upande wa kidole cha mwisho.

— Alianguka, akasema Breki.

— Anayeanguka hutanguliza kiganja, baba mdogo. Mara nyingi huvunjika huku chini. Hapa huvunjika aliyeinua mkono kujikinga na fimbo.

Akauinua wake mbele ya uso, kutuonyesha. Sote tukajivuta nyuma, kana kwamba fimbo tulikuwa nayo sisi.

— Siku moja ni bahati mbaya, akasema Profesa.

— Ulipona, ukavunjika tena palepale. Na mbavu tatu, kila moja imepona kwa wakati wake.

— Huenda alikuwa na mdomo, akasema Breki. Breki, wa kusema hivyo!

— Mdomo hauachi alama mfupani, baba mdogo. Fimbo inaacha.

Hapo ndipo tulipomsikia Mama Birika. Miaka kumi anatumiminia kahawa, hajawahi kuuliza kitu zaidi ya "moja au mbili?"

— Alikuwa na majirani?

— Alikuwa nao, mama. Misingi ya nyumba bado ipo, ukuta kwa ukuta.

— Na wao walisemaje?

Binti akatugeukia sisi, kama mtoto mwenye adabu anavyowageukia wakubwa.

— Wagombanao... akaanza Profesa, kisha akaimeza methali pamoja na mashapo ya kahawa. Breki alikuwa akikagua kiatu chake. Mimi nilitafuta bisibisi mifukoni, na bisibisi ilikuwa mkononi. Nyumba yangu na ya Mama Birika zinagawana ukuta mmoja. Redio yangu naifahamu: najua ni usiku gani huwa naiongeza sauti, nisisikie ya upande wa pili.

— Hilo somo, Sindano akamwambia binti yake taratibu, usiliache.

Mama Birika akaanza kukusanya vikombe, hata cha Breki kilichokuwa kimejaa. Binti akavua begi akampa baba yake, akalichukua birika, wakaondoka pamoja wakipitia upande wa nyumbani kwangu.

Sisi tukabaki tumekaa. Ilikuwa saa nne tu, na kahawa imeshaondoka.