Ng'ombe Aliyemnyima Jilo Beji

Pantoni ya Garsen ilivutwa kwa kamba, na Hudson, mmoja wa wavutaji, alipenda abiria wabishi, maana ubishi hufupisha mto. Siku hiyo mzee Molu, mfugaji wa Kiorma, alikuwa akivuka kwenda kumsihi mwalimu wa skauti ampe mwanawe Jilo beji aliyonyimwa. Kijana alitakiwa alale nyikani peke yake, bila msaada wa mtu.

"Na amelala, mama," Molu alimwambia Dinah, mkulima wa kijiji cha Wema aliyekalia gunia lake la mpunga. "Mwalimu anasema alisaidiwa. Ng'ombe ni mtu?"

"Ng'ombe alitoka wapi, baba?"

"Mimi nilimpeleka. Mtoto wangu alale porini bila maziwa, watu waseme baba yake amekufa?"

Dinah akacheka mpaka gunia likatikisika. "Wangu alilala na mahindi makavu, na beji anayo kifuani."

"Basi wewe ndiye wa kuulizwa, si mimi!"

Hudson akalegeza kamba kidogo. Kwani kulikuwa na haraka gani?

"Lakini ulimfuata mtoto, baba. Sema kweli."

"Wallahi sikumfuata mtoto. Nilimfuata ng'ombe wangu. Kule kuna simba."

"Na mtoto hukumwogopea simba?"

Molu akautazama mto. "Usiku kucha," akasema polepole. "Lakini hilo mwalimu asiambiwe."

Pantoni ikagota ukingoni. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama pale akingoja kuvuka. Molu akajifunga shuka vizuri, akatangulia kushuka.