Wakili Aliyeanza na Visigino

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga. Alizaliwa chumba cha nyuma cha duka la baba yake, cherehani ikipiga kelele upande wa pili wa pazia. Ndugu zake walisema ndiyo maana hakuwahi kutishwa na kelele za mtu.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Mwaka 1973 alihitimu sheria. Bibi yake akamwuliza, "Kwa hiyo sasa utagombana na watu kwa mshahara?"

"Ndiyo, Bibi. Hapa nyumbani nilikuwa nagombana bure."

Mwaka 1975 aliingia kwa fundi viatu akichechemea, kiatu mkononi, kisigino kimeng'oka, na mahakamani wanamsubiri. Fundi akamwambia, "Kaa, dada. Gundi haina haraka." Akakaa. Mwaka uliofuata walioana. Mumewe hakusoma. Mke alimsomea magazeti, mume akapika. Watu walisema maji na mafuta hayachanganyiki. Walichanganyika mpaka kifo.

Kazi yake ilikuwa kutetea familia ambazo wazee wao waliumizwa au kutelekezwa kwenye nyumba za kutunzia wazee. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa, na wateja walifika wakihema kwa ngazi na kwa machozi. Aliwasikiliza, halafu akasema, "Haya, twende tukamwone mwenyewe." Hakuandika neno kabla ya hapo. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba ruhusa, akafunua shuka miguuni. Kisigino chenye kidonda kilimwambia kuwa mgonjwa hageuzwi kitandani. Kisha alimpa maji, akatazama anavyoyanywa, ajue kama ameachwa na kiu. Wauguzi wakambandika jina la Mama Visigino. Alilipenda.

Mwaka 1998 aliishtaki nyumba moja yenye maua mbele na harufu ya mkojo nyuma. Binti wa mgonjwa alikuwa amekata tamaa. "Wakili, mama hawezi hata kusema. Nani atamsikia?"

"Mwili wake umeshasema, mwanangu. Sisi tunaupeleka tu ukasikike."

Familia ilipewa haki yake. Nyumba ile iliamriwa kugeuza wagonjwa usiku na mchana, na wakaguzi wawe wanaingia bila kupiga hodi.

Mwaka 2022 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Mumewe alimuuguza nyumbani mpaka siku walipoanguka wote wawili bafuni. Walilala sakafuni wakimsubiri jirani, mke anacheka. "Fundi, leo tumebanduka soli."

Baada ya hapo aliomba apelekwe nyumba ya wazee. Akachagua ileile aliyoishtaki. Kijana wake mkubwa aliruka. "Mama! Hao si watakulipizia?"

"Aliyeungua anaujua moto. Hao nimewaunguza mwenyewe. Watanigeuza."

Mumewe hakuwa na uhakika huo. Usingizi ulimpaa. Alifanya kama mkewe alivyokuwa akiwafundisha wateja: leo aende asubuhi, kesho wakati wa chakula cha jioni, wasimzoee. Akifika, kabla hata ya salamu, anafunua shuka. Siku moja muuguzi mkuu akamwambia, "Babu, kumbe wewe ndiye Baba Visigino?"

Mgonjwa akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Mwache akague. Shule hii amefaulu."

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, mchana, kwa kiharusi cha pili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Akinamama waliomwosha walitoka wakasema, bila kuulizwa, kwamba mwili ulikuwa mzima, hauna kidonda hata kimoja. Mzee akawashukuru. Hata hivyo akaomba aingie. Akafunua shuka miguuni. Ilikuwa kweli, visigino laini kama vya mtoto. Akavishika kidogo, akamfunika.

Wauguzi wa nyumba ile wako nasi hapa leo. Familia inawaambia asante.

Marehemu ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, na wazee wengi ambao leo wanageuzwa bila kujua ni nani aliyewasemea.

Apumzike kwa amani, kwa ubavu autakao mwenyewe.