Kahawa Iliyoachwa

“Nisamehe mama, nimeacha kahawa,” fundi cherehani alimwambia jirani yake wa kiti basini, maana alikuwa amemsinzilia begani mara tatu.

Yule mama, mtu mzima mwenye huruma, akashtuka. “Umeiacha wapi, kituoni?”

“Nimeiacha kabisa. Leo siku ya nne.”

“Pole baba. Itakuwa imeshapoa.”

Fundi akajifikicha macho. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu juzi, na katika kituo kilichofuata mpwa wake alikuwa akisubiri koti la kuolea, saa moja kabla ya ndoa. Akalitoa kwenye begi. “Hebu nihesabie mikono. Mimi naona mitatu.”

Mama akahesabu kwa kidole, kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri. “Miwili.”

“Afadhali!”

“Ila yote ni ya kushoto.”

“Labda umelishika kinyume.”

Mama akaligeuza, akaligeuza tena. “Bado kushoto, mwanangu. Kwani hiyo kahawa ilikukosea nini?”

“Daktari alisema inaninyima usingizi.”

Basi likasimama. Nje, bwana harusi alikuwa ameshanyoosha mkono ili avalishwe, na kwa bahati mbaya ulikuwa wa kulia.