Punda wa Bashir na Dawa ya Vifaranga

Ijumaa, 29 Desemba 1978. Asubuhi hii Malaba ina ukungu na baridi kidogo. Leo Bi. Zilpa Nasimiyu, afisa mifugo msaidizi, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mingi yake kwa miguu.

Alianza Funyula akichanja ng'ombe, akahamishiwa Matayos, kisha akaja kwetu. Buti zake zilibadilishwa soli hadi fundi akakataa kuzipokea.

Wafugaji wanamkumbuka hasa kwa chakula cha kuku chenye dawa, alichokieneza vifaranga walipokuwa wakihara damu na kufa. Aliwaeleza kwa mfano wa hapa mpakani: molekuli ya dawa hiyo ni kama mtu wa magendo. Inaikumbatia ayoni ya chumvi, inaificha, na kupenya nayo utando wa seli. Kijidudu cha ugonjwa kinajaa chumvi, kinavuta maji, kinapasuka. Kuku hadhuriki kwa kipimo kile kidogo.

Lakini kwetu hakuna kinachotupwa. Bashir, msafirishaji wa mizigo, aliokota mabaki ya chakula hicho kwa wateja wake, akayachanganya na pumba, akawapa punda wake wawili. Mmoja alianguka barabarani akafa. Bi. Zilpa alipoulizia walichokula, alielewa: moyo wa punda hauihimili dawa ile. Tiba haikuwepo. Punda aliyebaki alihitaji kupumzika wiki kadhaa.

"Ukimfunga mkokoteni leo, Bashir, kesho utamzika."

"Na watoto, Mama, nitawapikia maelezo yako?"

Kesho yake alfajiri Bi. Zilpa alifika akiwa amevaa sare, akashika mkono mmoja wa mkokoteni, Bashir akashika wa pili, wakavuta magunia hadi sokoni. Watu walimwita punda wa serikali. Kila waliposimama kumcheka, naye aliwaonya wasimpe punda chakula cha kuku. Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kuingia ofisini, mpaka punda akapona. Hatujazika punda mwingine kwa sababu hiyo. Mgongo wa Bi. Zilpa, hata hivyo, haujapona.

Juzi tulimuuliza atafanya nini akistaafu. Akasema, "Nitakaa."

Asante, Bi. Zilpa. Tunakuombea kiti kizuri huko kwenu Funyula, na asubuhi nyingi ambazo hakuna atakayebisha mlangoni kukuambia kwamba mnyama wake ameanguka.