Historia ya Marehemu Gloire Bisimwa na Wimbo Alioufuata Hadi Norwei

Ndugu waombolezaji, ninyi wachache mlioruhusiwa kusimama hapa kaburini, maana serikali imetupa nafasi ya watu kumi tu, na ninyi wengi mnaotusikiliza kwenye simu kutoka Merrylands na Liverpool hapa Sydney, Bukavu na Nyarugusu, mimi ni Fidèle, shemeji yake marehemu, kaka wa mjane Nsimire, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na niwaambie wazi tangu mwanzo kwamba karatasi hii imeandikwa ikachanwa ikaandikwa tena, kwa sababu ina sehemu ambayo baadhi yetu walitaka isisomwe.

Marehemu Gloire Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1983 kwenye misheni ya Kaziba, Kivu Kusini, mtoto wa kwanza wa Mzee Mushagalusa, mwalimu wa kwaya, na Mama Thacienne, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1989, wakati wauguzi kutoka Norwei walikuwa bado wanawaombea wagonjwa kwa lugha yao, naye alipolazwa kwa malaria akiwa na miaka minane alimsikiliza mmoja wao akiomba kando ya kitanda chake, akatoka pale amepona homa lakini ameshikwa na swali lisilomwachia, kwamba yule mama alikuwa anamwambia Mungu nini.

Oktoba 1996 vita vilikatiza masomo yake, familia ikajificha msituni, na huko ndiko Mzee Mushagalusa alikotoka na ule wimbo ambao nyote mnaujua, ambao sisi tumeamini siku zote kwamba Mungu alimpa yeye kwa ajili yetu tukiwa na njaa, tukavuka nao ziwa mwaka 1998 hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tukamzika nao Mama Thacienne mwaka 2003, na mpaka leo kwaya yetu ya hapa Minto ikiuanza hakuna anayebaki kitini.

Kambini alimaliza sekondari mwaka 2004, tarehe 20 Desemba 2008 akafunga ndoa na dada yangu Nsimire, wakajaliwa binti, Vanessa, mwaka 2009, na tarehe 11 Machi 2011 wakafika Sydney pamoja na Mzee, ambapo marehemu alipakia maboksi ghalani Minto huku akisoma Kiingereza jioni, mwaka 2013 akaingia chuo kikuu, akajifunza Kinorwei, akaishi miezi sita Bergen, na mwaka 2018 akaanza utafiti wa udaktari juu ya nyimbo za dini za mabonde ya Norwei na jinsi zilivyosafiri na wamisheni hadi kwetu. Tulimcheka, tusijifiche hapa, tulimwita Monsieur Norvège, yaani Bwana Norwei, tulimwuliza kila harusi hiyo lugha itampa kazi gani, na hata Vanessa alimwambia, "Papa, nobody speaks that," naye akajibu bila kukasirika kwamba watu milioni tano wanatosha kwa mazungumzo.

Mwaka 2020 korona ilifunga mipaka, safari yake ya Oslo ikafutwa, vipindi vyake vya kufundisha chuoni vikakatwa, akarudi ghalani alikoanzia, na kwa kuwa hakuweza kwenda kwenye nyaraka, nyaraka zikamjia kwa intaneti, rekodi za wazee wa vijijini walioimba miaka mingi iliyopita, akawa anazisikiliza kwenye kompyuta jikoni siku zake za mapumziko. Mwezi Januari 2021 sauti ya bibi mmoja wa bonde la ndani kabisa la Norwei ilitoka kwenye ile kompyuta, na Nsimire, aliyekuwa anasonga ugali akiwa amempa mgongo, akaanza kuimba naye kwa maneno yetu, akafika hadi mwisho wa ubeti akidhani ni mama mmoja wa kwaya ya Minto, kisha akageuka akamkuta mumewe amesimama, macho yamemtoka. Ulikuwa wimbo wa Mzee.

Marehemu alifuatilia kwa wiki kadhaa akitamani amekosea, akagundua kwamba muuguzi mmoja wa Kaziba alitoka bonde lile lile, na kwamba alihudumu pale Mzee akiwa mtoto mdogo, na kwa heshima aliyomlea nayo baba yake hakutaka ayasikie kwa watu, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee, Minto, tarehe 7 Februari, akakaa chini, akamweleza. Alitaka kusema kwamba wimbo ule ulilala ndani ya Mzee tangu utotoni ukaamka siku alipouhitaji, na kwamba hilo halimpunguzii Mungu kitu, lakini Mzee alisikia nusu ya kwanza tu, akamwuliza kama ameitwa mwizi mbele ya wajukuu wake, na tangu siku ile hawakuzungumza tena. Habari zilifika kwaya, wakasema amemuuza baba yake kwa diploma, na yeye, aliyekamilisha kazi yote mwezi Mei, hakuikabidhi, profesa wake akimwuliza kila wiki anangoja nini, naye akimjibu kila wiki kwamba kuna mtu mmoja hajampa ruhusa. Tulimwona akikonda kwa hilo kabla ya ugonjwa wowote, na ilituuma.

Tarehe 9 Agosti 2021 alipimwa akakutwa na korona, tarehe 14 akapelekwa hospitalini Liverpool, na kabla hawajamlaza kwenye mashine ya kupumulia muuguzi alimshikia simu aage watu wake, akaongea na Nsimire, akaongea na Vanessa kwa Kiswahili na binti akamjibu kwa Kiswahili, akaomba azungumze na baba yake, lakini Mzee alisema neno lao ni la ana kwa ana, atalisema mwanawe akitoka hospitali. Gloire alifariki tarehe 26 Agosti, akiwa na miaka thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomshika mkono sisi tulipozuiwa, majirani wa Minto walioacha vyakula mlangoni na kurudi nyuma, wenzake wa ghalani, na profesa wake, ambaye ametuarifu kwamba kazi ya marehemu bado inaweza kupokelewa ikiwa familia itakubali. Juu ya hilo tulibishana siku tatu kwenye simu, wengine wakitaka izikwe naye, mpaka jana Mzee Mushagalusa, ambaye daktari amemkataza kutoka nyumbani na anatusikia sasa hivi, akaomba zamu yake, akasema hayakubali yaliyoandikwa, wimbo ni wake, alipewa yeye msituni, na hakuna kitabu kitakachombadilisha, kisha akamaliza kwa maneno haya ambayo ameniagiza niyasome kama alivyoyasema: "Mupeleke kazi ya mutoto. Mimi nitabishana naye kule, nikifika."

Imepelekwa leo asubuhi. Pumzika basi kwa amani, Gloire, baba yako ana neno nawe.