Kimo cha Stuli ya Begonia

Nje ya karakana ya wazee ya Ulverstone, mji mdogo wa kisiwani, upande usiofikiwa na upepo wa magharibi, kuna benchi la watu watatu. Ikifika saa nne kengele hugongwa, mashine huzimwa, kahawa ya kopo humiminwa. Ijumaa hiyo alikaa Mfupi, dereva wa treni mstaafu anayeinama katika kila mlango. Na Bubu, aliyekuwa dalali wa ng'ombe na hajaacha kunadi. Na katikati yao Alwyn, mpima ardhi mstaafu, aliyefiwa na mkewe Enid mwezi wa pili. Miguuni pa Alwyn palikuwa na vipande vinne vya mbao, pajani daftari la karakana. Sheria ni moja: msumeno hauwashwi mpaka kimo cha kitu kiandikwe. Alwyn alitaka kutengeneza stuli ya kuwekea begonia ya Enid, ua lake la chunguni. Siku ya mazishi ilishushwa sakafuni ili watu wapate pa kupita, na tangu hapo ilikuwa sakafuni, ikidondosha majani. Glenys, dada wa marehemu, alikuwa ameshatoa kauli: Jumapili akiikuta chini, anaondoka nayo.

– Andika mita moja na nusu, akasema Mfupi. Ua litazamwe usoni.

– Usoni pa nani? akauliza Bubu. Pako wewe? Maskini Alwyn atamwagilia kwa ngazi.

– Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo nasema, kiwe juu, asiiname.

– Methali hiyo umeipanda kinyumenyume, bwana. Alwyn, nisikilize mimi. Sentimita thelathini. Ua ni kama ndama, likiwa juu linaona kizunguzungu.

– Ndama gani anakaa juu?

– Nilimwuza mmoja, alizaliwa mlimani. Kumteremsha tu, akafa.

– Si alikufa kwa kuteremshwa?

Bubu akanywa kahawa.

– Ndivyo ninavyosema. Kizunguzungu.

Alwyn aliandika thelathini, akaifuta.

– Joto linapanda, akaendelea Mfupi. Baridi yote ya nyumba iko chini. Ningekuwa wewe ningeliweka darini.

– Darini kuna giza, ndugu yangu.

– Unakata dirisha.

– Kwa ajili ya ua moja?

– Haba na haba hujaza kibaba. Leo ua, kesho unaweka kitanda, unahamia huko. Mandhari nzuri.

– Mimi naona liwekewe magurudumu, akasema Bubu. Lichague lenyewe. Sakafu za huku zimepinda zote, litateremka mpaka linapopapenda.

– Jumapili ni keshokutwa, akasema Alwyn.

Karakana hufungwa saa sita, na Jumamosi haifunguliwi.

Hapo ndipo alipokuja mtu mwenye fomu ya uanachama mkononi. Alisema anaitwa Tibor, mwoka mikate mstaafu, na ni siku yake ya kwanza.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mfupi, akasogea. Tunatafuta kimo cha stuli ya ua la marehemu mke wa Alwyn huyu.

Tibor aliziangalia zile mbao.

– Pole, mzee. Kwani kabla ya msiba lilikuwa linakaa juu ya nini?

Mfupi alimtazama Bubu. Bubu alimtazama Alwyn. Alwyn alifungua mdomo. Alikuwa amepima nusu ya kisiwa hiki, anavijua vimo vya vilima ambavyo hakuna aliyewahi kuviuliza. Begonia ile aliiona kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Aliyaona majani yake, na mkono wa Enid ukiyapangusa. Chini ya chungu hakuona kitu.

– Sijui, akasema.

Alwyn akatoa simu, akampigia Glenys.

– Shemeji, nataka kukata mbao za stuli. Begonia ya Enid ilikuwa inakaa juu ya nini?

– Mimi nilikuwa naiona tu, Alwyn, akasema Glenys, na ule ukali wa kauli yake ya Jumapili haukuwamo tena. Nilikuwa naiona tu.

– Mimi pia.

– Usikate hizo mbao. Chungu cha ua huacha duara la maji pale kinapokaa. Nakuja kwako sasa hivi, tulitafute.