Hatua Kumi Hadi Kwenye Benchi

Ndugu waombolezaji, wifi yangu, watoto, walimu wenzake, na nyinyi wanafunzi wake wa zamani mliojaa hadi nje ya uzio: mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na posta. Kamati imenipa dakika saba na kuniomba nisilie. Hizo dakika nitajitahidi. Hilo la kulia siahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mwalimu Hatua, alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Agosti 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba nane, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yetu alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, kutwa nzima akitafuta lililooza au lililolegea, na jioni alirudi akijua idadi ya aliyoyakanyaga. Marehemu alianza kumsindikiza akiwa na miaka mitano. Alihesabu mataruma kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na vifungo vyenyewe mama aliendelea kumfunga mpaka aibu ikamjia.

Kuna kisa ambacho mama alikisimulia mpaka mwisho wa uhai wake. Alimtuma dukani kununua kiberiti, maji ya chai yakiwa yanasubiri moto. Mtoto hakurudi. Mama akamfuata, akamkuta amekaa kizingitini mwa duka, njiti zote amezipanga sakafuni. Boksi lilisema njiti hamsini, yeye alipata arobaini na saba. Mwenye duka alimwambia, "We mtoto, nenda nyumbani, mama yako anakungoja." Naye akajibu, "Naondoka ukinipa tatu." Akapewa tatu. Chai siku hiyo tulikunywa saa tano, na kiboko alikipata kabla ya chai.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1974, na chuo cha ualimu mwaka 1978. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miaka sita, na hesabu zilinishinda tangu siku ya kwanza. Yeye hakukubali kwamba zimenishinda. Alichukua shuka la mama, akalikunja mara mbili, akanionyesha robo. Akalikunja tena, akanionyesha moja ya nane. Mpaka leo nikikata gauni nakunja kitambaa vilevile. Kila alipopita kibandani kwangu alinitania: "Bibi we, unasema hujui hesabu, na kutwa nzima unafanya nini hapo?"

Alianza kufundisha Januari 1980. Mwaka 1994 alihamishiwa shule ile yenye tangi kubwa la maji uwanjani, na hapo ndipo alipobaki mpaka kustaafu. Mwaka 1996 upepo uliezua paa la darasa lake. Wanafunzi walikuwa themanini na sita, vitabu vilikuwa tisa, na fundi wa paa aliahidi kuja Jumatatu bila kusema Jumatatu ipi. Marehemu akawatoa watoto nje. Aliandika maswali kwenye vipande vya boksi, akavifunga kwa waya mahali kumi na pawili. Kwenye geti: nondo ni ngapi, na zikigawanywa kwa darasa lenu kila mtu anapata sehemu gani ya nondo? Kwenye baiskeli ya mpishi: gurudumu likizunguka mara mia, mpishi amefika wapi? Kwenye mlingoti wa bendera: pima kivuli chake, pima na chako, halafu niambie urefu wake bila kuupanda. Aliiita njia ya hesabu. Mwalimu mkuu wa wakati ule alitoka ofisini akiwa mkali. "Mwalimu, mbona watoto wako wanazurura?" Marehemu akamjibu kwa heshima zote, "Hawazururi, mkuu. Wanagawanya."

Kila mtoto, kabla ya kuingia kwenye njia hiyo, alitakiwa kwanza kuijua hatua yake. Kamba ya mita kumi ililazwa chini, unatembea pembeni yake kama unavyotembea siku zote, bila kujivuta wala kujitutumua, unahesabu, kisha unagawanya. Hatua yako ikawa rula yako popote uendapo. Hatua ya marehemu mwenyewe ilikuwa sentimita sabini na tano, awe na haraka au asiwe nayo, na ndiyo iliyompa jina. Paa lilirudi baada ya miezi minane. Njia ya hesabu haikurudi ndani tena.

Tarehe 17 Desemba 1988 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, nesi. Walijuana kwa ugomvi. Marehemu alikwenda zahanati na homa kali, akapewa vidonge, akavihesabu palepale dirishani na kutangaza mbele ya foleni kwamba vimepungua viwili. Nesi akavimwaga mezani, akavihesabu kimoja kimoja kwa sauti. Vilikuwa kamili. Kwa mara ya kwanza maishani kaka yangu alikosea kuhesabu mbele za watu. Wiki iliyofuata alirudi akiwa amepona, shati limepigwa pasi, akasema, "Ile ilikuwa homa inahesabu, si mimi." Wifi akamwuliza, "Na leo nani amekuja?" Walijaliwa watoto wawili: binti yao, fundi umeme, na mdogo wake wa kiume, dereva wa malori.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Kila Januari marehemu alikuwa na desturi ya kuipima upya njia yake yote kwa miguu, kabla shule haijafunguliwa. Januari 2017 alipima kutoka getini hadi kwenye tangi. Mita thelathini na sita, hatua arobaini na nane, miaka ishirini na zaidi. Mwaka huo alipata hatua hamsini na nne. Akarudi getini akaanza upya. Hamsini na nne. Akamwita mlinzi. "Nani amesogeza tangi?" Mlinzi, na yupo hapa leo, alimtazama akidhani anataniwa. "Mwalimu, tangi la lita elfu tano nitalisogeza na nini, na meno?" Marehemu hakucheka. Alipima ngazi za ofisi hadi mlingoti, navyo vimeachana. Alipima jiko hadi bomba, vimeachana. Badala ya kuishuku miguu yake, akaamua kwamba ile kamba yake ya zamani ilivutika ikarefuka, na kwamba kwa miaka yote amewafundisha watoto vipimo vya uongo. Likizo ile yote aliandika upya kadi zake za boksi na majibu yake. Shule ikafunguliwa, na darasa zima la sita likakosa kila swali.

Ni msichana mmoja wa darasa hilo aliyechukua kamba mpya na mwenzake, wakapima kutoka getini hadi kwenye tangi, wakapata mita thelathini na sita. Akamwendea. "Mwalimu, samahani. Tangi lipo palepale. Labda ni wewe." Alimsifu mbele ya wote, akampa chaki nzima kama zawadi. Halafu akatoka, akaja moja kwa moja kibandani kwangu.

Alisimama mlangoni akasema, "Mdogo wangu, chukua futi yako unipime hatua." Nikadhani ni utani. Akatembea kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni, nami nikapiga magoti nikapima kisigino hadi kisigino. Sentimita sitini na sita. Nilipima mara tatu. Nikainua uso nikamwona anavyonitazama, na mkono wake wa kulia ukicheza peke yake kama unaokota uzi. Sisi mafundi tumezoea kumpunguzia mteja kiuno kwa mdomo ili asihuzunike. Nikamwambia, "Sabini na mbili. Ni uzee tu, kaka, hata mimi nimefupika." Akasema, "Sawa, sabini na mbili," akaandika kwenye daftari lake, akaenda zake.

Machi 2017 daktari aliupa jina: ugonjwa wa kutetemeka, ule unaokaza mwili na kufupisha hatua mwaka hadi mwaka. Dawa zipo za kuupunguza makali. Ya kuuondoa hakuna. Wifi amewauguza wagonjwa miaka thelathini na nne, na siku ile alirudi nyumbani akakaa jikoni na koti lake jeupe mpaka jua likazama. Alinishika mkono akaniambia, "Wifi, huu naujua. Na kuujua hakunisaidii kitu." Tulimpeleka kwa madaktari wengine watatu. Wote walikuwa wapole na wote walisema maneno yaleyale. Jamani, kuna kuchoka kunakotokana na kazi, na kuna kuchoka kwa kukosa la kufanya. Huku kwa pili ndiko kulikotukalisha miaka saba.

Marehemu alistaafu Agosti 2019. Daktari alimtaka atembee kila siku, kidogo kidogo, asikae kitandani. Akajiwekea kipimo: kutoka mlango wa nyumba hadi kwenye benchi la mbao lililokuwa kando ya ukuta wa uani, hatua kumi. Zikiwa kumi, alikaa, akaomba chai, akatutania. Siku moja zikawa kumi na mbili. Aligeuza uso, akakataa chakula siku mbili, na mwanawe alipompigia simu kutoka safarini hakutaka kupokea.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Jumamosi, wifi akiwa anamwogesha, nililikamata benchi nikalisogeza karibu na mlango, kidogo tu. Siku iliyofuata zikawa kumi. Akala. Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila alipozidisha hatua, Jumamosi nililisogeza. Nilifagia alama za miguu ya benchi mchangani ili asizione. Wifi alichungulia dirishani siku moja, akaona, akarudisha pazia. Hatukuwahi kulizungumza. Niliwaza kwamba mtu aliyewafundisha wengine kupima dunia kwa miguu yake, angalau hizo kumi zisimtoroke. Hakuna kingine nilichoweza. Sikuweza kumrudishia hata sentimita moja. Niliweza kubeba benchi.

Mwaka huu benchi lilikuwa limefika karibu kabisa na kizingiti. Mwezi wa Septemba aliacha kutoka nje. Mwishoni mwa Oktoba alipata homa ya mapafu, na Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, marehemu alikata roho kitandani kwake, mkewe amemshika mkono wa kushoto na mimi wa kulia. Ule wa kulia ulikuwa umetulia. Kwa miaka saba niliutamani utulie, na ulipotulia nikautikisa.

Jumatano binti yake alifungua kopo la biskuti alimokuwa akitunza kadi zake. Alikuta kadi kumi na mbili, na daftari. Kwenye ukurasa wa Januari 2017 marehemu ameandika: "Mita 36 kwa hatua 54, sawa na sentimita 66 na ushee. Mdogo wangu anasema 72. Ana huruma." Kumbe alishagawanya njiani, kabla hajafika kibandani kwangu. Kurasa zilizofuata zina tarehe na hesabu ya matofali ya ukuta, kutoka mlangoni hadi ncha ya benchi. Tofali ishirini na nne. Kumi na nane. Kumi na mbili. Nane. Mwandiko unazidi kuwa mdogo, lakini hakuna lililorukwa. Mimi nafagia mchanga, na yeye amekaa pale na chai yake anahesabu ukuta! Miaka mitano hakuniambia, nami sikumwambia.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo mmoja ambaye ni mimi, na wanafunzi ambao sisi hatuwezi kuwahesabu, labda angeweza yeye.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na kadi ya kumi na tatu, ambayo haikuwahi kufungwa popote. Naisoma kama ilivyo. Mbele: "Hatua za mtu zinafupika. Idadi ya hatua hadi kwenye benchi haibadiliki. Eleza kwa nini." Nyuma, mahali pa jibu: "Ana mdogo wake. Mwambieni asibebe benchi peke yake, mgongo wake si mzima."

Kaka, nimesikia. Leo sikubeba peke yangu. Tulikuwa wanane, na bado ulikuwa mzito. Umefika sasa, keti upumzike.